Mbuzi wa Mwenyekiti

Mjukuu wangu anasomea sheria, na akija likizo hunieleza habari za katiba kana kwamba ni kitu kilichoshuka na ndege. Namwacha aseme. Mimi katiba niliijulia kwenye mbuzi.

Tulipohamia kijiji cha ujamaa, upande wa Kigwa, tulitunga sheria kwa kunyoosha mikono: mbuzi akikutwa kwenye karanga za kijiji, anachinjwa na kuliwa na wote siku ya kazi. Wa kwanza kukutwa alikuwa wangu. Nilijitetea, nikashindwa, nikala nyama yake nimenuna. Lakini nilikula, maana mkono wangu nao ulikuwa umenyooka.

Msimu uliofuata akakutwa beberu wa mwenyekiti, kaka wa mume wangu. Shemeji akaitisha mkutano, akakalia kiti chake, akatangaza kwamba amelichunguza jambo lile na beberu, kwa kuwa ni wa mbegu, amesamehewa. Watu wakainama. Mume wangu akanikanyaga mguu ninyamaze. Hasira zilikuwa zimekwisha kunipanda.

"Shemeji," nikasema, "kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere, sembuse nyani ajihukumu mwenyewe! Shuka hapo, akae mwingine, nawe ujitetee kama nilivyojitetea mimi."

Wanawake wakaangua kicheko. Akashuka. Tukamkalisha fundi baiskeli, tukamsikiliza shemeji mpaka akamaliza, kisha mikono ikanyooka. Beberu akaliwa, naye shemeji tangu siku hiyo akaacha kunisalimia.

Habari zikafika mjini. Akaja bwana mkubwa na Land Rover yake, akasema kiongozi wa namna hii ni mnyonyaji, apakiwe garini sasa hivi. Hakumuuliza shemeji hata neno moja. Shemeji alisimama kando ya gari, mkewe analia. Sikuwa nampenda hata kidogo, lakini nilisimama tena.

"Ndugu, huyu tumekwisha kumsikiliza na kumhukumu. Sheria yetu inachukua mbuzi, haichukui mtu. Kama unayo nyingine, tusomee."

Akanitazama kuanzia kanga hadi miguu pekupeku.

"Wewe una cheo gani hapa?"

"Sina cheo," nikamjibu. "Mimi ndiye mwenye yule mbuzi wa kwanza."

Akanywa maji tuliyompa, akaondoka bila shemeji.