Kuchoka Hakumpi Mtu Ruhusa

Nakumbuka mchana mmoja wa kiangazi, mwanangu, nilipobeba kikapu cha mihogo kwenda kumtazama dada yangu Hadija. Waingereza walikuwa bado wanatawala, nami nilikuwa sijaolewa. Dada aliishi kijiji cha pili kutoka kwetu, huku huku Handeni. Mumewe alikuwa mkata mkonge kule Mnyuzi na alirudi kwa nadra. Alimwachia dada kazi ya kumtunza mkwewe, Bi Mwanamvua, aliyekuwa amepooza upande mmoja.

Dada sikumkuta. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje. Nilipofungua, nilimkuta Bi Mwanamvua amefungwa mkono wake mzima kwenye kitanda kwa kamba ya katani. Kamba ilikuwa imemchuna ngozi hadi nyama ikaonekana. Midomo ilikuwa imekauka.

"Shikamoo, mama," nilisema, maana sikujua niseme nini.

"Marahaba. Nipe maji. Halafu unifunge tena, asije akajua."

Nilimfungua, nikamnywesha. Kumfunga sikuweza. Alilia akinisihi nisimwambie mtu. "Akichukuliwa huyu, nani atanigeuza?"

Nilikwenda moja kwa moja kwa Zumbe, mkuu wetu, nikamshtaki dada yangu wa tumbo moja. Hata leo kulisema hilo kunanichosha.

Dada alipoitwa barazani alisema, "Huyu ni mkwe wangu. Ya nyumbani kwangu yanamhusu nani?"

Zumbe akamjibu, "Ukimpiga jirani, atakimbia aje kwangu. Huyu hawezi kukimbia. Ndiyo maana kosa lako ni zito zaidi."

Kesi ikapelekwa mahakamani, bomani Handeni. Hakimu alimuuliza kwa nini alimfunga mgonjwa na kumnyima chakula.

"Nimechoka," dada alisema. "Nikimlisha sana, nafua sana."

"Kuchoka si kosa," hakimu alisema. "Ungesema umechoka, usingesimama hapa. Umesimama hapa kwa sababu ya kamba na njaa."

Akafungwa. Alipopitishwa mbele yangu aliniangalia akasema, "Haya, sasa mchukue wewe."

Nikamchukua. Mwanangu, nisikufiche, kazi ile ni nzito. Kumgeuza, kumsafisha, kumlisha, kufua, kisha kuanza upya. Usingizi wangu ulikuwa wa vipande vipande. Majirani waliokuwa wamejaa barazani kumzomea dada walipita mlangoni kwangu wakiuliza hali, wakaenda zao.

Asubuhi moja uji ulimwagika kwenye shuka niliyotoka kuitandika. Nikainama kuokota bakuli. Bi Mwanamvua akajikinga uso kwa mkono wake mzima, akafumba macho. Sikuwa nimemgusa. Lakini nilitazama mkono wangu nikaona nimekunja ngumi.

Nikatoka nje, nikapiga ukelele. Wanawake wakaja mbio, khanga begani, wakidhani ni msiba.

"Hajafa," nikawaambia. "Ni mimi nimechoka. Nisaidieni kabla sijawa kama Hadija."

Waliona haya. Kisha mmoja akaingia akachukua shuka, mwingine akaomba ufunguo wa jikoni. Tangu hapo tulipokezana, mpaka Bi Mwanamvua alipofariki, mwili wake msafi, hana kidonda.

Dada alitoka jela akarudi kwetu. Hakunisemesha tena hadi alipokufa. Niliumia, lakini sijutii.

Basi nisikilize. Ukikabidhiwa mzee au mlemavu, mkono wako ndio umeshika uhai wake. Ukimpiga, ukimfungia, ukimnyima chakula, umetenda jinai, hata kama ni mama yako na nyumba ni yako. Ukichoka, toka nje useme, na usione aibu. Na ukiwa jirani, usiishie kuuliza hali kutoka mlangoni. Ingia ufue.

Mungu akupe mikono yenye huruma, na siku yako ya kulala kitandani ikifika, akupe watu watakaokugeuza taratibu. Amina.