Kibali cha bosi chamweka mume wa Biasha mbali na Mchinga

Saa kumi na mbili asubuhi, Biasha Pazi anafungua kufuli la banda la mabati kando ya barabara ya Mchinga, mkoani Lindi. Ndani hamna mtu. Anafunua turubai, anachovya kitambaa kwenye mafuta ya nazi na kuanza kuufuta mtambo wa kukamua ambao tangu siku ya uzinduzi haujaonja nazi nyingine.

"Hewa ya bahari haina huruma na chuma," anasema. "Nikizembea kidogo tu, bosi akija kuuwasha utamkoholea."

Bosi mwenyewe haijulikani atauwasha lini. Anaitwa Ruwan, mwenyeji wa Sri Lanka, mwenye nyumba ya wageni mjini Lindi. Kibali chake cha kazi kinaitaja nyumba hiyo ya wageni peke yake. Ili aruhusiwe kufanya kazi katika kampuni hii ya pili, ya mafuta, lazima kibali kibadilishwe na kampuni iongezwe. Maombi yamekwishapelekwa, majibu bado.

Na majibu hayo ndiyo yanayomshikilia Yassini, mume wa Biasha, huko Dar es Salaam.

Yassini ni mfua nazi. Watu wa Mchinga wanasema alikuwa akimaliza lundo la nazi wenzake wakiwa bado wanauliza kifuo, ule mti wenye ncha wa kuondolea makumbi, kiko wapi. Minazi yao ilipoanza kunyauka na kufa mmoja baada ya mwingine, alikwenda Dar kubeba mizigo sokoni. Huu ni mwaka wa tatu, na nyumbani anaonekana Idi hadi Idi.

"Akija, siku ya kwanza tunaoneana haya kama maharusi," anasema Biasha, akicheka kwa kujifunika ncha ya kanga. "Tukishazoeana, tiketi ya kurudi imeshakatwa." Kisha anaacha kucheka. "Nimemkumbuka, wallahi. Sina haja ya kuficha, mimi ni mtu mzima."

Biasha, mwenye umri wa miaka 41, alikuwa mpishi katika nyumba ya wageni ya Ruwan. Mafuta ya kupikia alikuwa akiyatengeneza mwenyewe: anakuna nazi kwa mbuzi, anakamua tui, analichemsha mpaka mafuta yajitenge. Siku moja bosi aliingia jikoni akifuata harufu.

"Akasema mafuta yangu yananukia kama ya kwa mama yake. Nikajua kumbe huyu naye ana kwao."

Hapo ndipo wazo la kiwanda lilipozaliwa. Banda likajengwa Mchinga, mtambo ukaletwa, na Biasha akaahidiwa usimamizi wa wakamuaji. Yassini naye akawekewa nafasi ya mkuu wa wafuaji. Alipopigiwa simu, alisema mashine ikianza tu kunguruma atapanda basi la kwanza.

Ikaja siku ya uzinduzi. Ubani ukafukizwa, Shehe Shaaban akasoma dua, wali ukaliwa. Ruwan alitaka kukaa na wageni wengine na kupiga makofi, lakini wazee wakakataa. Kwa desturi yao, kazi mpya hufunguliwa kwa mkono wa mwenye mali. Akiifungua mwingine, baraka humfuata huyo mwingine.

"Mimi ndiye niliyemshika mkono nikamsimamisha mbele ya kifuo," anakumbuka Biasha. "Nikamfunga kanga kiunoni asichafuke. Watu vigelegele!"

Ruwan akafua nazi ya kwanza. Utamu ukamkolea, akafua na nyingine, akawasha mtambo, akashinda nao hadi adhuhuri akiwaelekeza wakamuaji. Maofisa wa kazi waliokuwa katika ukaguzi wao wa kawaida wakamkuta hivyohivyo, kanga kiunoni na makumbi miguuni. Wakamsalimia kwa heshima, wakaomba kibali.

"Nilidhani mtu ni mmoja, kampuni zote ni zangu, basi kibali kimoja kinatosha," anasema Ruwan kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Nilikosea. Walinieleza vizuri, na walikuwa na haki."

Aliamriwa asifanye kazi pale mpaka kibali kibadilishwe. Na kwa kuwa fundi wa mtambo ni yeye, na meneja ni yeye, kila kitu kikasimama.

Sasa akipita Mchinga hukaa nje ya uzio. Mwanasheria wake amemhakikishia kwamba kutazama mali yake si kosa, ila mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Anasimama barabarani kama mkwe anayeogopa kugonga mlango, anauliza, "Bi Biasha, mtambo haujambo?" Biasha anamjibu kutoka ndani kwamba haujambo, unamsalimia.

Kwa kuulinda na kuusafisha analipwa shilingi laki moja na nusu kwa mwezi. Hanung'uniki. Kinachomkata maini ni simu ya Yassini.

Inaita wakati bado tunazungumza. Biasha anaiweka sauti ya juu, mikono yake ikiwa imejaa mafuta.

"Kimetoka?" ni neno la kwanza la Yassini, hata salamu hajatoa.

"Bado, baba Somoe."

Kisha Yassini anaeleza kwamba tajiri mmoja anataka kumchukua kama utingo wa lori la kwenda Zambia. Kazi ya kudumu. Anahitaji jibu leo. "Akisema niondoke, hata hiyo Idi sina hakika nayo. Wewe unasemaje? Nije nikae bure kusubiri?"

Biasha anautazama mtambo, anaitazama simu. Anakaa kwenye gunia. Siku zote, anasema baadaye, alikuwa akimjibu mumewe asubiri kidogo, kwa kuogopa kumrudisha kwenye umaskini.

"Kibali ni cha Ruwan," anasema hatimaye. "Yeye ndiye mgeni, yeye ndiye wa kusubiri. Wewe kuja kwako nani akuandikie kibali? Nazi kwa jirani Romani zipo, minazi yake haikufa, mbuzi yangu ipo, sufuria ipo. Wewe utafua, mimi nitakuna, tutauza kwa chupa mpaka hicho kiwanda kifunguliwe. Kisipofunguliwa tutakuwa wawili wa kusikitika. Nimechoka kusikitika peke yangu, Yassini."

Upande wa pili zinasikika kelele za wachuuzi na mkokoteni unaopita. Biasha anajifuta macho kwa kiwiko.

"Mlango wa uani," anauliza Yassini, "bado unakwama?"

"Unakwama. Njoo uutengeneze."