Upande wa Mlangoni

Kila nikisikia harufu ya mshumaa uliozimwa, namkumbuka mama akisugua nta kwenye shuka la amerikani ili lisipitishe maji. Ndilo lilikuwa hema letu kwenye makambi ya kanisa, kule Rangwe.

"Jua hili linatudanganya," alimwambia baba. "Mvua itatukuta tukiimba."

Ilitukuta kweli. Mama alilala upande wa mlangoni, palipopigwa na manyunyu, sisi tukalala pakavu.

Mwaka uliofuata, kaburi lake likiwa bado bichi, baba alisugua nta mwenyewe. Mvua ilipoanza, nilijisogeza mlangoni.

"Rudi huku ndani, nyathina, mwanangu," baba aliniambia. "Hapo ni pa mama yako."

Basi tukapaacha, pakalowa.