Neno "get" lilivyonifukuza kazi ya ukalimani nyumbani kwangu

Wakuu, salaam kutoka Buzebazeba. Naandika hii bado nina furaha hadi vidole vinakosea herufi, na chumvi sijaongeza hata punje.

Mke wangu, Mama Rehema, anakamua mawese. Zamani kidogo alikuja mgeni anayetafuta mafuta ya kutengenezea sabuni. Kiswahili hajui, anaongea Kiingereza tu, tukamtegemea dalali atutafsirie.

Dalali kaongea weee. Mwisho mgeni akanunua mafuta ya shangazi yake dalali. Mama Rehema hakula siku ile.

Majuzi tukasikia mgeni atarudi baada ya wiki. Nikasema safari hii natafsiri mimi, form four yangu inatosha. Mama Rehema akakataa.

"Aniulize mimi, nimjibu mimi. Wewe nifundishe."

Sasa kwa wiki moja unamfundisha mtu nini? Nikachagua neno moja tu, get. Hili neno ni kama panga la nyumbani, linapasua kuni, linamenya na muhogo. Kupata ni get. Kufika, get. Kuelewa, get. Kumletea mtu kitu, get.

Nyumba ikawa darasa. Alfajiri naamshwa, "Baba Rehema, get up." Mvua ikinyesha, "get the clothes." Mama mkwe akiuliza kama mafuta yanachemka, anajibiwa "getting hot", naye anaitikia "ego", ndiyo ya kilugha chetu, kana kwamba kaelewa. (Sikucheka, yule ni mkwe.)

Siku ikafika. Mgeni akamuuliza Mama Rehema matunda ya michikichi anayatoa wapi. Mimi nina shati la sikukuu, nimeshakohoa kabisa.

Mke wangu kanitangulia. "I get the fruit from my farm. I boil, I press. You get it clean."

Akamtilia mafuta kidogo kiganjani. Mgeni akanusa, akauliza, akajibiwa. Dalali alisimama mlangoni, hana pa kuingilia.

Grammar ilichechemea kidogo, nikafungua mdomo nimsaidie. Akanigeukia kwa upole.

"Baba Rehema, get the visitor a chair."

Nikaenda. Wakuu, sijawahi kubeba kiti kwa fahari namna ile. Mafuta yamechukuliwa yote.

Nilichojifunza: usisubiri kukijua Kiingereza chote, chukua neno moja ulichoshe. Na ukimfundisha mtu kusema, jiandae kunyamaza.

Wenzangu, lifuate neno gani? Yeye anataka "take". Mimi viti nimeshavisogeza karibu.