Posa ya Kinyangiri na Kiingereza Changu

Jamani, nina aibu moja ambayo nikiikumbuka nikiwa peke yangu dukani najikuta nimefunika uso kwa kanga ya mke wangu, ile anayoiachaga pale kaunta, na leo nimeamua niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa mtaa wetu wa Utemini, maana wale huongeza chumvi, na kisa hiki chumvi kinayo ya kutosha.

Mimi nauza ndoo na mabeseni. Kiingereza nilikiacha shuleni na chenyewe hakikunifuata. Sasa nikajiunga na kundi la simu la kujifunza Kiingereza, ambako mwalimu (sura sijawahi kuiona, ni sauti tu) alikuwa anatupa kitenzi kimoja kila wiki na amri yake ni ile ile, kitumie kwenye sentensi zako za kila siku mpaka ukizoee. Wiki hiyo tukapewa "look forward to", yaani kungoja jambo kwa hamu, nami nikakipenda kupita kiasi. Mteja akisema kesho nitapitia beseni langu, namjibu, "I am looking forward to it." Mke wangu akisema leo mboga ni mlenda, "I am looking forward to it" (uongo mtupu, mlenda siupendi). Majirani wakaanza kuniita msomi, na mtu akishaitwa msomi, ndugu zangu, akili inapungua.

Wiki hiyo hiyo ndiyo tulikuwa tunapeleka posa ya mdogo wangu Shabani, fundi cherehani, kijana mpole mpaka unamwonea huruma, kwa binti mmoja wa Kinyangiri aitwaye Zaituni. Mshenga wetu wa siku zote ni mjomba Rajabu, lakini kiuno kilimkamata akashindwa hata kuinuka kitandani, kwa hiyo wakanitwika mimi. Mjomba akanipa wasia akiwa amelala chali: "Mshenga hanyamazi, na hasemi sijui. Ukikosa jibu, posa unarudi nayo." Shabani naye akanivuta pembeni, macho mekundu. "Kaka, kuna mtu wa Manyoni ana maduka, ameshatuma salamu kule kwao. Tukiharibu leo, Zaituni ndiyo basi tena." Nikampiga bega nikamwambia atulie, kaka yake yupo.

Kule Kinyangiri tulipokelewa vizuri, mimi, Shabani na baba yetu mdogo Athumani. Shikamoo zikazunguka sebule nzima, tukaketi, na uani tukasikia wasichana wanamkimbiza kuku (kuku huyo haliwi mpaka neno likubaliwe, ndiyo taratibu ya pale). Baba wa binti, Mzee Issa, akauliza, "Haya wageni, mmekuja na neno gani?"

Nilikuwa na maneno yangu mazuri kabisa ya kutafuta jiko, yale yale aliyonifundisha mjomba, na ningeyasema nikanyamaza leo nisingekuwa na kisa cha kuwasimulia, ila ulimi ulikuwa unaniwasha. Nikasema, "Wazee wangu, tumekuja kutafuta jiko, na jambo hili tuna hamu nalo kweli kweli, au kama wasemavyo wenzetu, we are looking forward to it."

Mzee Issa akatabasamu. "Kumbe mshenga ni msomi! Basi sisi hapa mgeni hujibiwa kwa lugha aliyoingia nayo. Walipokuja Wasukuma tuliwatafutia Msukuma. Hebu mwiteni shangazi yake Zaituni."

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema, mzee, nilikuwa natania tu. Nafasi ilikuwepo! Lakini baba mdogo Athumani, aliyeketi ubavuni kwangu, alikuwa ameshavimba kwa fahari, anawatazama wenyeji kama aliyenizaa ni yeye. Nikakohoa tu.

Shangazi akaingia. Bi Hadija, mwalimu mstaafu wa sekondari, na alichofundisha maisha yake yote ni Kiingereza (Mungu akitaka kukutoa jasho hakosi njia). Akavaa miwani, akanigeukia, akatiririka. Katika maneno yote yale nilidaka "good afternoon" na jina la Shabani. Akanyamaza akisubiri, nami nikakumbuka mshenga hanyamazi. "He is looking forward to it."

Akaitikia kwa kichwa, kaona ni sawa. Akauliza tena, nikajibu vile vile, nikaongeza "very much" ili kusiwe na ubahili. Baba mdogo akanifinya goti kwa furaha. Nikaona kumbe Kiingereza chenyewe hakina ugumu, watu wanatutisha bure. Likaja swali la tatu, la nne, la tano, nami natoa jibu kwa sauti inayopanda, na la mwisho nililitoa nimeweka mkono kifuani. Ila nikasikia uani vicheko vya wasichana vimekatika.

Bi Hadija akavua miwani taratibu, akawageukia wazee wenzake.

"Nimemuuliza kama kijana atamruhusu Zaituni aendelee na biashara yake ya mafuta ya alizeti. Anangoja kwa hamu. Nimemuuliza kama atakuwa anamleta kutusalimia. Anangoja kwa hamu sana. Nimemuuliza kama anakunywa pombe. Bado, ila anangoja kwa hamu. Nimemuuliza kama ana mke mwingine. Anangoja kwa hamu. Nikamuuliza, akikasirika, atampiga mtoto wetu?" Akanitazama. "Anangoja kwa hamu sana."

Baba mdogo akaondoa mkono kwenye goti langu. Shabani akataka kuinuka aseme, lakini mposaji hasemi siku ya posa yake, akavutwa shati akakaa. Mzee Issa akaniuliza kwa upole uliokuwa mbaya kuliko bakora, "Mshenga, ni kweli umesema hivyo?"

"Nimesema, mzee. Ila sikujua naulizwa nini."

"Kwa hiyo mtoto wangu umekuja kumwombea kwa kubahatisha?"

Sikuwa na jibu kwa lugha yoyote. Tukaaga. Njia nzima ya kurudi mjini Shabani hakufungua mdomo, na siku zilizofuata ilikuwa hivyo hivyo, napita pale kwenye cherehani yake namsalimia, anakanyaga pedali tu. Nililia, sifichi. Kichwani nilimwona yule wa Manyoni akimbeba mke wa mdogo wangu kwa sababu ya ulimi wangu.

Mjomba Rajabu alipoanza kujikongoja, akafungwa kanga kiunoni akaenda mwenyewe kuomba radhi. Wakamwambia mtasikilizwa, lakini yule wa Kiingereza lazima naye aje. Nikaenda na mjomba na Shabani, nikaketi karibu na mlango, kichwa chini. Mjomba akasema maneno yake, yakasikilizwa, kisha Bi Hadija akaniita mimi, safari hii kwa Kiswahili kinyoofu.

"Mwanangu, lile swali la mwisho bado nalitaka. Huyu mdogo wako akikasirika anafanyaje?"

Mjomba akanikodolea macho nitoe jibu la kishenga, tamu. Sikuwa nalo.

"Ananyamaza, shangazi," nikasema. "Mimi ndiye niliyemharibia kuliko mtu yeyote, na hajanigusa wala hajanitukana. Tangu siku ile hajasema na mimi."

Bi Hadija akamtazama Shabani, naye alikuwa ameinamisha uso. Halafu akawageukia wazee. "Mpeni mke," akasema, "na yule kuku achinjwe."

Lile kundi la simu nilitoka siku hiyo hiyo, bila kuaga. Na nimeapa, mtu akiniuliza jambo kwa ajili ya mwanawe, nitamjibu ninalolijua, na nisilolijua nitasema sijui, hata kama mimi ndiye mshenga.