Nyumba ya Kukubaliana

Usinilalamikie kuhusu majirani wasumbufu kama hujawahi kuishi na watu mnaokubaliana nao. Mimi nimeishi nao, Ruring'u, nyuma ya uwanja wa michezo, kwenye nyumba ya mawe yenye mlango wa mbele uliovimba kwa mvua hadi ukawa haufunguki bila teke. Tulikuwa wanne. Tuliwachukia viongozi walewale, tuliamini mambo yaleyale, na tulijuana siku tulipokimbia vitoa machozi pamoja katikati ya mji wa Nyeri, tukajikuta tumejibanza kwenye ngazi za duka moja, tukitoa kamasi na kuazimana leso. Wazo la kukodi nyumba pamoja lilitokea hapo, na lilionekana tamu. Nilikuwa nimechoka kujieleza. Kwetu Mweiga nikifungua mdomo kuhusu siasa, mjomba huniuliza ni nani ananilipa. Nikadhani hapa nitaingia, nivue viatu, nikae, na hakuna atakayeniuliza kwa nini nafikiri ninavyofikiri.

Kumbe!

Wenzangu walikuwa hivi. Kulikuwa na mwalimu wa sekondari, mwanamke wa rika langu, mpole, aliyesahihisha mitihani huku anakula, kwa hiyo wanafunzi wake walirudishiwa karatasi zenye mchuzi. Kulikuwa na kaka mmoja aliyesomea sheria akaachia njiani. Tulimwita Wakili kwa utani, naye hakuona utani wowote. Na kulikuwa na fundi wa simu, mtu mtaratibu, mwenye kibanda karibu na steji ya matatu. Mimi niliuza dawa za mifugo mjini, na jioni nilifika nyumbani nikinuka chakula cha ng'ombe.

Wakili ndiye aliyeleta kanuni. Alisema kura ni njia ya wengi kuwakanyaga wachache, na sisi hatukupigwa mabomu ya moshi ili tuje tukanyagane ndani ya nyumba yetu wenyewe. Humu tutakubaliana. Kila jambo litaletwa jikoni, tutakaa kwenye viti vyetu vya plastiki, tutazungumza mpaka sote tuseme ndiyo. Asiyeweza kukubali atasimama. Hatagombana na mtu. Atainuka tu kwenye kiti chake, na akishainuka jambo hilo limekufa, na hataketi mpaka tutamke kwamba limekufa. Tulipiga makofi. Mwalimu alisema hajawahi kusikia kitu kizuri hivyo.

Basi tukajifunza kusimama. Wakili alisimama kupinga kutengenezwa kwa ule mlango, kwa sababu kuutengeneza ni kumbembeleza mwenye nyumba, kwa hiyo tukaendelea kuupiga teke. Mwalimu alisimama kuhusu redio. Mimi nilisimama kuhusu paka. Kuna Jumapili tulikaa jikoni tangu watu wanaenda kanisani mpaka wanarudi, tukijadili kama kuosha sufuria ya mwenzako ni mshikamano au ni utumwa. Sufuria yenyewe ilikuwa palepale kwenye sinki, ugali umekauka ndani yake. Aki nilitaka kulia. Ningeinuka tu niioshe yaishe, lakini humo ndani kuinuka kulikuwa na maana yake. Nikakaa. Mtu huchoka kulima, huchoka kusimama dukani kutwa nzima, lakini kuna uchovu wa kukubaliana ambao hata usingizi hauutoi.

Fundi wa simu hakuwa mtu wa kusimama. Alisema ndiyo kwa kila kitu, akarudi chumbani. Mwaka uliotangulia, watu wasiojitambulisha walimchukua kibandani kwake mchana kweupe, na siku kadhaa baadaye wakamwacha kando ya barabara karibu na Sagana, bila simu na bila maneno. Hakutuambia alikuwa wapi wala walimfanya nini. Alilala na viatu. Gari likipunguza mwendo nje ya geti, aliacha kutafuna.

Sasa, mama yangu alikuwa na mtoto wa jicho. Jicho la kulia alikuwa amelipoteza kwa kuchelewa, kwa sababu kila akipangiwa siku ya kwenda hospitali kulikuwa na ng'ombe anazaa au viazi vinavunwa. Likabaki la kushoto, nalo likaanza kuingia ukungu. Safari hii nilimfokea kwenye simu mpaka akakubali. Hospitali ya Nyeri ikampa nafasi ya kufanyiwa upasuaji, na daktari akasema wazi: baada ya hapo akae karibu, aje aangaliwe mara kwa mara, na asikaribie moshi wala vumbi. Jiko la mama ni la kuni. Boma lake lote ni vumbi na mavi ya ng'ombe. Akirudi Mweiga na jicho bichi, hilo nalo litakwenda, tubaki na mama kipofu. Nikamwambia aje kwangu.

Kwangu! Humo ndani hakukuwa na kwangu. Jambo hilo lilipaswa kuletwa jikoni.

Tena shida yenyewe ni kwamba mama huimba. Mheshimiwa ambaye sisi wanne hatukuweza kumtaja bila kusonya, akija Mweiga, mama yuko mstari wa mbele na kina mama wenzake, wamevaa sare, wanaruka na kupiga vigelegele. Kuna video yake ilizunguka kwenye simu. Wenzangu waliitazama sebuleni wakacheka mpaka wakashika mbavu, nami nikawaacha wamalize, kisha nikawaambia huyo aliyevaa kilemba cha manjano ni mama yangu mzazi. Mwalimu aliniomba msamaha siku tatu mfululizo.

Tulikutana Jumamosi alasiri. Mama alikuwa afike jioni, niende kumpokea steji. Nilieleza habari ya jicho. Mwalimu alisema ndiyo kabla sijamaliza, akajitolea kulala sebuleni ili mama apate chumba. Wakili aliongea sana, nikidhani anaelekea kukataa, lakini mwisho wa hotuba akafika kwenye ndiyo, akasema huyu mama ndiye mwananchi tunayempigania, amedanganywa tu, na labda kukaa nasi kutamfungua macho. Macho ndiyo yale yale niliyokuwa nayatafutia kitanda, basi ayafungue tu.

Ndipo fundi wa simu akasema, polepole, "Huyo mama anajua watu. Na hao watu wanajua watu wengine."

"Ni mgonjwa," nikasema.

"Najua. Lakini ataulizwa analala wapi, na nani yuko hapo. Ataongea tu, si kwa ubaya." "Mimi siwezi. Pole. Siwezi."

Akasimama.

Hakuna aliyetamka kwamba jambo limekufa. Wala sikuweza kumkasirikia vile nilivyotaka, na hilo ndilo lililonichosha zaidi, maana uoga wake ulikuwa wa kweli na jicho la mama lilikuwa la kweli, na jikoni mle hakukuwa na nafasi ya vyote viwili.

Wakati huo huo mlango wa nyuma ukafunguka. Mama akaingia na kiondo chake begani, akishika ukuta kwa mkono mmoja. Alikuwa amepata lifti ya pikapu ya viazi, akafika mapema, akaulizia njia mpaka kwetu peke yake. Alipoona, kwa kile kidogo alichoweza kuona, mwanamume amesimama kando ya kiti kitupu, uso wake ukafunguka.

"Haiya! Asante, kijana yangu. Mungu akubariki. Siku hizi vijana hawasimami kupisha wazee."

Akapapasa mgongo wa kiti cha fundi, akaketi, akaweka kiondo mapajani na kushusha pumzi ndefu.

Mwalimu alifunika mdomo. Wakili alitazama dari kama anayetafuta kanuni huko. Fundi alibaki wima, kwa sababu hatukuwa tumetamka, na kwa sababu pia hakuwa tena na pa kukaa.

"Tafuta kiti na wewe, baba," mama akamwambia. "Utachoka."

Woi, nilimwomba Mungu moyoni fundi anyamaze, aliache liende hivyo. Wengi wetu tungeliacha. Lakini fundi alikuwa mkweli kupita kiasi.

"Mama, sikusimama kukupisha," akasema. "Hapa mtu akisimama ni kwamba amekataa. Nimekataa ulale hapa. Nisamehe."

Mama aliitikia kwa kichwa, taratibu. "Najua, baba. Nilikuwa hapo nje kwa dirisha, niliwasikia. Lakini miguu ilikuwa imechoka, na kiti ilikuwa wazi."

Hapo nikalipuka. Nilisema maneno ambayo siwezi kuyaandika. Nilimuuliza Wakili ni kanuni gani hiyo inayomtoa nje mwanamke mwenye jicho moja, naye akasema kwa sauti ya huruma kabisa kwamba tulikubaliana. Mwalimu alilia. Fundi akasema basi yeye ndiye atakayehama, mama achukue chumba chake, na Wakili akasema hilo ni jambo jingine, tutaliitishia kikao chake. Nakuapia, alisema hivyo.

"Hakuna mtu atafukuzwa kwa sababu yangu," mama akasema. Akatoa simu yake ya vitufe kwenye kiondo, akanipa. "Nitafutie mwenyekiti wa kina mama."

Mwenyekiti wa kina mama ndiye aliyekuwa akiwakusanya waimbaji wa mheshimiwa. Alikuwa na nyumba kubwa upande wa pili wa mji. Nilimpigia kwa mkono wangu mwenyewe, nikampa mama simu. Mama alieleza kwa maneno machache, na upande wa pili sikusikia swali hata moja, ila sauti ikisema ndiyo, ndiyo, leo hii, usisumbuke. Mwisho mama akasema, "Mwambie dereva angoje kule barabarani kwa kanisa. Asiingie huku, njia ni mbaya."

Njia ilikuwa nzuri tu. Ilichukua muda kidogo kabla sijaelewa. Nilimtazama fundi, nikaona naye ameelewa, kwa sababu aliketi chini sakafuni, mgongo ukutani, akafunika uso kwa viganja. Lile gari alilokuwa akilisubiri mwaka mzima lilikuwa linakuja kwa ajili ya mama, na mama ndiye aliyelizuia lisifike getini.

Nilimshika mama mkono tukatembea mpaka kanisani. Chai iliyokuwa jikoni hakuna aliyekuwa amemmiminia.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Mama alikaa kwa mwenyekiti mpaka daktari alipomruhusu kurudi nyumbani, na kila nikitoka dukani nilikwenda kumwona. Sebule ilikuwa na makochi ya kahawia yenye vitambaa vya kufuma, na ukutani picha ya mheshimiwa, kubwa, akicheka. Nilikaa chini ya meno yake nikanywa chai ya maziwa matupu, nikaongezewa kabla kikombe hakijaisha. Mwenyekiti mwenyewe alimtilia mama dawa ya jicho, akimshika kidevu kama mtoto. Sikupenda kuona anavyofanya vizuri. Siku moja aliniuliza naishi na nani huko Ruring'u, na mama, bandeji usoni, akajibu kabla yangu kwamba naishi na wasichana wa kwaya ya kanisa.

Mwisho wa mwezi niliwaambia wenzangu nahama. Tulikaa jikoni, nikaeleza, wakasikiliza. Hakuna aliyesimama.

Mkesha wa siku ya mama kurudi Mweiga, bandeji ilikuwa imeshatolewa. Alikuwa ananitazama, akinitazama kweli, akaniambia nimekonda na nywele zangu zinataka kusukwa. Mwenyekiti alikuwa jikoni anatuandalia cha kubeba. Nikainama nikamuuliza mama kwa sauti ya chini, kwa Kikuyu, kama mheshimiwa akija tena ataendelea kumwimbia.

"Nitaimba," akasema. "Si nimelala kwao?"

"Lakini unajua mambo anayofanya."

"Najua. Nani asiyejua?" Akanishika shavu, kidole gumba chini ya jicho langu, kama aliyekuwa akikagua. "Hata nyinyi ningewaimbia."