Pindo Jeupe Lililofutwa kwa Thina

Nilipolishika pindo, lilinifuata kidoleni. Halikuvunjika wala halikukatika. Lilivutika kama kamasi ya mtoto. Gitaa langu lilikuwa limelazwa juu ya boneti ya gari bovu, na ule ukanda mweupe niliouzungusha ukingoni mwake kwa wiki tatu ulikuwa umegeuka uji, umechanganyika na rangi nyekundu, unateremka ubavuni. Yule mpaka rangi niliyempa kazi alikuwa amesimama hapo hapo, kitambaa cha thina, ile dawa ya kuyeyusha rangi, bado mkononi. Hakusema pole. Alisema, "Fundi, hii plastiki yako ilikuwa mbaya."

Nimezeeka na hayo maneno. Sikusoma, niliachia darasa la nne, lakini najua kueleza jambo lilivyokuwa, na hili nitalieleza.

Hiyo plastiki haikuwa mbaya. Ilitoka kwa kodioni ya baba yangu, kile kinanda cha kubeba kifuani na kuvuta. Kwetu Wamagana, kabla ya Hali ya Hatari, ngoma ya mwomboko haikuchezwa bila yeye. Watu waliingia wawili wawili, mwanamume na mwanamke, na baba akawaendesha kwa vile vidole. Halafu wakoloni wakamchukua kizuizini. Aliporudi, vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa havikunjiki, na hakutuambia kwa nini. Kodioni ilitundikwa ukutani. Alipokufa ilikuwa bado hapo, panya wamekula mfuko wake wote, limebaki ganda tu, jeupe, linang'aa kama vifungo vya shati la Jumapili. Mama akaniambia nichukue. "Lakini usiniletee tena kitu cha kunyamaza humu ndani," akasema.

Mimi nilikuwa fundi wa vitanda hapo Nyeri mjini. Miaka ile baada ya uhuru kila mji chini ya mlima ulikuwa na bendi yake, na ile ya kwetu ilipiga kwenye baa moja karibu na stendi. Mkubwa wake alikuwa mtu wa maneno matamu, viatu vyeupe hata siku ya matope. Aliniambia wanatafuta mtu wa gitaa la pili, na atakayekuja na gitaa lake mwenyewe atakaa jukwaani. Gitaa la dukani nilikuwa naliangalia kwenye kioo tu. Basi nikatengeneza la kwangu, mbao ya kafuri, na ganda la baba nikalifanya pindo.

Asiyejua atauliza, pindo la nini? Ubao ukishakatwa, ukingo wake hunywa maji na kuchubuka kila ukigongwa. Ndiyo maana gitaa zuri huzungushiwa ukanda pale pembeni, kama nguo inavyokunjwa isichanike. Nilichonga mfereji kuzunguka mwili wote. Nikakata ganda kwa kisu kufuata rula, vipande vyembamba, nikavilainisha kwa maji moto ili vikubali kupinda pale kiunoni, nikavifunga na mpira wa tairi mpaka gundi ikauke. Kipande kimoja kilianguka kwenye mkebe wa thina asubuhi. Mchana nilipokitafuta hakikuwepo. Kimeyeyuka kama sukari. Hapo ndipo nilipojua hiyo plastiki inachukia nini.

Kwa hivyo nilipompelekea mpaka rangi, yule wa kupaka malori pale chini ya soko, nilimwambia mara tatu. Funika pindo kwa tepu. Piga rangi nyembamba nyembamba. Toa tepu kabla rangi haijakauka kabisa, isije ikang'oka nayo. Kama rangi imejipenyeza juu ya weupe, usiiguse, nitakuja mwenyewe niikwangue kwa wembe, pole pole. Thina isisogee hapo. Akanicheka kidogo, akaniuliza kama gitaa ni bibi harusi. Lakini alikubali.

Na hakuwa mjinga. Alikuwa na sheria yake ambayo mji mzima uliijua: hapigi rangi mpaka mlima uonekane. Wenye magari walikasirika, wakamwita mganga, lakini alikuwa sawa. Ukungu ukiwa umeshuka, unyevu huingia kwenye rangi ikiwa bado mbichi na kuifanya kama chai iliyozidi maziwa. Ulikuwa Julai. Mlima ulikuwa umejificha siku nne. Nikamwambia sina haraka, tungojee.

Mwenye haraka alikuwa mkubwa wa bendi. Walikuwa na dansi Murang'a Jumamosi. Alhamisi nilikwenda Chaka kupeleka kitanda, na yeye akatumia nafasi hiyo. Alienda kwa mpaka rangi akamwambia mimi nimekubali gitaa lipigwe rangi leo leo, ukungu au hakuna ukungu. Mimi sikusema. Sikumwona hata hiyo siku.

Mpaka rangi akavunja sheria yake. Akapiga rangi kwenye ukungu, na rangi ikafanya kile alichojua itafanya, ikawa nyeupe nyeupe kama mtu aliyejipaka majivu. Akaona aibu. Akang'oa tepu, akalowesha kitambaa kwa thina, akafuta kila kitu ili aanze upya. Kila kitu, na pindo ndani yake. Mimi nikarudi kutoka Chaka nikalikuta juu ya boneti.

Mkubwa wa bendi alifika nikiwa bado nimeshika ule uji. Akaangalia, akacheka. "Paka nyekundu yote, kijana," akaniambia. "Watu huja kucheza, hawaji kukagua ukingo."

Nilijaribu. Nilipiga msasa mpaka mikono ikachubuka, lakini weupe ulikuwa umeshaingia kwenye nyuzi za mbao pamoja na wekundu, na kila nikishuka chini naukuta unaningoja, rangi ya fizi. Mfereji ulibaki wazi kama ufizi uliong'olewa meno. Ganda lingine halikuwepo. Jumamosi walienda Murang'a na mtu mwingine, aliyeazima gitaa la binamu yake, na huyo ndiye aliyebaki jukwaani miaka yote. Mimi nilirudi kwa vitanda. Mama aliliangalia gitaa likiwa limeegemea ukuta, pale pale palipokuwa na kodioni, akaenda kukamua ng'ombe.

Ningenyamaza. Nimenyamaza miaka zaidi ya ishirini. Lakini Desemba iliyopita tulikuwa kwenye matanga ya jirani, na mkubwa wa bendi, siku hizi ni mzee wa kanisa na ana shamba la kahawa, akasimama kuwachangamsha waombolezaji. Akawahadithia ati kulikuwa na seremala mmoja aliyelia kama mtoto kwa sababu ya kipande cha plastiki. Hakunitaja, lakini alinitazama. Watu wakacheka. Mpaka rangi alikuwa ameketi safu ya mbele, naye akacheka, na meno yamebaki machache.

Nimewauliza wote wawili tangu hapo. Huyu anasema alidanganywa na mkubwa. Yule anasema fundi wa rangi ndiye anayejua kazi yake. Wanarushiana kama kiazi cha moto, na mimi nimesimama katikati na vidole vitupu.

Basi nauliza kwa maandishi, msikimbie. Wewe mkubwa, ulisema nimekubali. Nilikubali lini, na nani alisikia? Simama ujibu mbele ya wale wale uliowachekesha, usingoje matanga yangu. Na wewe fundi, usiniambie tena habari ya plastiki mbaya. Uliambiwa mara tatu. Sheria ilikuwa yako, si yangu. Nijibu jambo moja tu: Alhamisi ile, ulipojaza bunduki ya kupulizia rangi na kugeuka kutazama, je, mlima ulionekana?